Monita kufifia ukiwasha ULMB au DyAc
Monita ikififia ukiwasha ULMB au DyAc (mipangilio ya kupunguza ukungu wa vitu vinavyokwenda kasi kwenye michezo), haijaharibika, ndivyo mipangilio hiyo inavyofanya kazi. Taa ya nyuma haibaki imewaka, inamulika mara moja kwa kila fremu (picha moja) kisha inazima. Kwa 144 Hz (fremu 144 kwa sekunde) fremu moja ni karibu milisekunde 7. Taa ikiwaka milisekunde 1 tu, unabaki na kama moja ya saba ya mwanga, labda mtengenezaji awe ameiongezea nguvu. Lakini hapo hapo ndipo ukungu unapoondoka: adui anayekatiza kwenye mchezo kwa kasi ya pikseli 1,000 kwa sekunde anaacha mkia wa pikseli 7 hivi taa ikiwaka muda wote, na 1 tu ukiwasha hiyo kitu.

Kwa mchezo wa risasi kama Counter-Strike, pazia limefungwa, washa. Mchana dirisha likiwa nyuma yako, zima, hutaona mtu kwenye kivuli. Na monita nyingi haziruhusu kuitumia pamoja na G-Sync au FreeSync (zinazolinganisha kasi ya skrini na fremu za kompyuta), kwa hiyo fremu zikishuka utaona vitu mara mbili mbili.

Kwa anayenunua sasa ningesema 240 Hz bila kuwasha hiyo kitu: mkia unashuka hadi pikseli 4 na mwanga wote unabaki, ilimradi kompyuta izifikishe hizo fremu 240.