Springi mpya kwenye shokapu za zamani? Maswali yenu ya mwezi huu

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina Subaru Impreza ya 2005, bodi ya GD, niliitoa Japani mwaka juzi. Nataka kuishusha kidogo maana ile nafasi kati ya tairi na fenda hainipi raha kabisa, rimu zangu za 17 ni kali lakini gari imekaa kama imesimamia vidole. Kuna jamaa ananiuzia springi za kushusha, mpya, anasema zinashusha inchi mbili. Shokapu zangu ni zile zile zilizokuja na gari na hazivuji. Fundi wangu anasema funga tu, na mwingine kaniambia hata hizo springi nisinunue, yeye anakata koili (yale mizunguko ya springi) moja na nusu kwa grainda, dakika ishirini kazi imeisha. Mi nakaa Morogoro na kila mwezi naenda Iringa na familia. Nishauri.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu wa Moro, usifunge hizo springi, na huyo wa grainda usimpe hata ufunguo.

Tuanze na hapa kwanza maana watu wengi wanachanganya. Springi ndio inabeba gari. Shokapu haibebi gari, kazi yake ni kuituliza springi. Umeshaiona gari imepita tuta halafu inaendelea kunesa mara tatu nne, mbele juu nyuma chini, kama mtu kakaa kwenye kitanda cha springi? Hiyo springi yake iko nzima, shokapu ndio imekufa. Sasa springi za kushusha karibu zote ni ngumu kuliko za kiwandani, lazima ziwe ngumu kwasababu zina nafasi ndogo ya kufanyia kazi, na springi ngumu ikibanwa inarudi kwa nguvu zaidi, na anayetakiwa kuizuia wakati inarudi ni shokapu. Yako ina umri wa miaka ishirini na kidogo. Kutovuja siyo ushahidi kwamba nzima, mafuta ya ndani yanachoka, gesi inatoka, vali zinalegea, na nje kukavu kabisa. Pitisha kiganja juu ya tairi zako, ukikuta mabonde mabonde kwa kuzunguka, sehemu imeliwa sehemu haijaliwa, basi moja ya vitu vya kwanza kushuku ni shokapu.

Halafu hizo inchi mbili. Inchi mbili ni sentimita tano. Chukua mfano tu, shokapu yako ina sentimita nane za kushuka kabla haijagusa ile raba iliyovaa kwenye fimbo yake. Ukilaza gari sentimita tano, zimebaki tatu. Tatu! Na hapo gari haina mtu. Weka mke, watoto wawili na mabegi, afu ingia Mikumi kwenye yale matuta ya hifadhini, kila tuta utakuwa unagonga raba, raba ikipasuka unagonga shokapu yenyewe, maunti ya juu (kile kishikizo cha raba kinachofunga shokapu kwenye bodi) inaanza kulia, na ndani ya muda mfupi unarudi gereji unalalamika springi ni feki kumbe springi wala haina kosa.

Kuhusu kukata, hili naliongea kwa uchungu kwasababu lilinikuta. Nilikuwa na Corolla 110, nikaipeleka gereji moja, wakakata koili mbele na nyuma, gari ikakaa vizuri machoni, nikafurahi wiki nzima. Siku napandisha jeki kubadilisha tairi, gurudumu likaning'inia, nikaingiza mkono nikashika springi nikaizungusha, ikazunguka kama bangili mkononi. Yani springi ilikuwa imefupika mpaka gurudumu likishuka chini haibanwi na kitu, imejikalia tu. Ukiruka shimo kwa spidi ikatoka kwenye kiti chake kidogo, ikirudi inarudi upande, unasikia tang! na usukani unavuta. Pia mwisho wa springi umetengenezwa ulale sawasawa kwenye kiti chake, ukikata unabaki na ncha ya chuma inayochoma kiti. Na kukata kunaifanya springi iwe ngumu bila wewe kujua: springi yenye koili sita zinazofanya kazi ukitoa moja, ugumu unapanda kwa asilimia 20, kwenye shokapu ile ile iliyochoka. Wanaochoma kwa gesi ili springi ilale, hao ndio wabaya zaidi, ule moto unaua uimara wote wa chuma, baada ya hapo inaendelea kulala yenyewe kila siku.

Sasa nini ufanye. Mi kwa njia yako ya Iringa nakushauri usivuke milimita 25, ikizidi sana 30. Kwa macho utaona tofauti, ile nafasi ya fenda itapungua na gari itatulia kwenye kona za Kitonga. Zaidi ya hapo, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, ambao ukiwa kawaida unateremka kidogo kuelekea kwenye tairi, unaanza kulala bapa au kupanda juu, na ukifika huko gari inaweza hata kulalia upande kwenye kona kuliko ilivyokuwa mwanzo pamoja na kwamba umeishusha. Watu hawaamini hili mpaka waendeshe.

Shokapu na springi zinunue kama mke na mume, zimefahamiana. Eibach Pro-Kit au H&R ni springi za kushusha kistaarabu, soma kwenye boksi zinashusha milimita ngapi kwa gari YAKO, siyo kwa Subaru tu, maana springi ya WRX (ile Impreza ya kasi) imetengenezwa kwa uzito wa injini ya tabo, ukiifunga kwenye Impreza ya cc 1500 mbele inaweza isishuke kama ulivyotarajia. Nenda dukani na namba ya chasisi. Upande wa shokapu, KYB Excel-G ni ya kurudishia gari ilivyotoka kiwandani, nzuri sana ukibaki na springi za kawaida. KYB New SR Special ni ngumu kidogo kuliko ya kiwandani, hiyo inaelewana na springi ya kushusha kidogo. Bilstein wenyewe wamekurahisishia, B6 ni ya urefu wa kawaida, B8 imefupishwa makusudi kwa ajili ya springi za kushusha, kwahiyo muuzaji akikwambia zote sawa tu, toka dukani kwake.

Hela ikiwa inatosha kitu kimoja tu, nunua shokapu nne mpya uziweke na springi zako za zamani kama hazijapasuka wala kulala. Najua siyo ulichotaka kusikia. Lakini gari itabadilika, utaidhani umenunua nyingine, na springi utaongeza ukijipanga, ila hapo shokapu chagua kabisa ile ambayo baadaye itaipokea springi fupi, usije ukanunua mara mbili.

Siku ya kufunga simama pale pale gereji, usiende kunywa chai. Kabla hawajafungua, pima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda, kona zote nne, andika, usipime kutoka chini kwasababu upepo wa tairi utakudanganya. Ile nati ya juu ya shokapu isifunguliwe mpaka springi imebanwa na mashine ya kubania, springi ikifyatuka inavunja taya. Na hapa ndipo pa kuangalia sana: wakati wa kukaza ile nati, fimbo ya shokapu huwa inazunguka, na fundi mwenye haraka anachukua praizi anaibana ile fimbo inayong'aa. Mzuie. Ule mkwaruzo mmoja, hata kama ni mwembamba kama unywele, kila fimbo ikipanda na kushuka unapita kwenye sili unaichana, na shokapu mpya inaanza kuvuja kabla hujaizoea. Juu ya fimbo kuna sehemu ya kushikia kwa spana au ufunguo wa L, atumie hiyo.

Badilisha na maunti za juu kama zimechoka, raba za ndani na kava za vumbi. Bushi (zile raba za kwenye maungio ya mikono ya chini) zilizolegezwa zikazwe gari ikiwa imekanyaga chini, siyo ikining'inia kwenye jeki, la sivyo zinakaa zimejisokota na zitakatika. Boliti ya juu kati ya zile mbili zinazoshika shokapu ya mbele kwenye nako (kile chuma kinachobeba gurudumu), Subaru ameiweka ya kurekebishia kemba, yaani tairi kulala ndani au nje, piga alama kabla ya kufungua. Afu moja kwa moja alaimenti (kunyoosha magurudumu), siku hiyo hiyo.

SWALI: Shikamoo fundi. Forester yangu SG5 nyuma ilikuwa imekaa chini sana, nikabadilisha shokapu za nyuma mbili, mpya kabisa, nashangaa ndio imezidi kulala. Nimeuziwa feki?
Dada, Moshi

JIBU: Marahaba dada yangu, pole sana. Kuna uwezekano mkubwa hujauziwa feki. Baadhi ya Forester SG zilikuja nyuma na shokapu zinazojinyanyua zenyewe, ukitembea umbali mfupi zinajipampu na mtikisiko wa barabara mpaka gari inakaa sawa hata ikiwa na mzigo. Kwa kuwa ile shokapu ilikuwa inasaidia kubeba, kiwanda kiliweka springi laini. Wewe umetoa msaidizi umeweka shokapu ya kawaida, springi laini imebaki peke yake. Linganisha na za zamani kama bado unazo, zile za kujinyanyua ni nene. Dawa ni kununua springi za nyuma za Forester isiyo na huo mfumo, mbili, shokapu zako mpya ziache hapo hapo. Ni kosa la muuzaji, alitakiwa akuulize.

SWALI: Kati ya shokapu used kutoka Japani na mpya za bei ya chini ipi bora?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Used ya Japani ni kaka yake na ile unayoitoa, umri ule ule, kwahiyo mi naiweka ya mwisho. Kama hali imekubana isimamishe wima, bonyeza fimbo mpaka chini halafu iachie. Ya gesi inatakiwa irudi yenyewe polepole bila kusita. Ikienda bure sentimita mbili tatu ndio ishike, iache. Ikikaa chini isirudi, iache. Angalia fimbo kwenye mwanga, mkwaruzo au kutu, iache.