Tumegongana kwenye pakingi ya watu, nani analipa?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Juzi natoka kwenye pakingi ya jengo moja la ofisi, narudi rivasi taratibu, kumbe mwenzangu wa upande wa pili naye anarudi rivasi, tukakutana katikati. Taa yangu ya nyuma imepasuka, bampa yake imebonyea. Mlinzi akasema hapa ni eneo binafsi, trafiki hawaji, kila mtu atengeneze gari lake, tena akatuonyesha kibao kimeandikwa unaegesha kwa hatari yako mwenyewe. Ni kweli sina haki yoyote?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Mlinzi kakupotosha, ila simlaumu maana hata madereva wazoefu wanaamini hivyo. Uzembe ni uzembe tu, iwe barabara kuu iwe uani kwa mtu, aliyesababisha hasara anadaiwa. Na kile kibao mwenye jengo kakiweka kujikinga yeye, aliyekugonga hakimhusu kabisa.

Sasa shida yako ni kwamba wote mlikuwa mnarudi nyuma, na anayerudi nyuma ndiye anayetakiwa kuwa makini zaidi, kwa hiyo bima mara nyingi huwa wanagawa lawama nusu kwa nusu, labda uonyeshe kwamba wewe ulishasimama yeye ndio akakufuata. Hapo picha zinaongea: magari yamekaaje kabla hayajasogezwa, tairi zimekata upande gani, vioo vya taa vimemwagikia wapi.

Upande wa bima angalia una ipi. Bima kubwa kwa kawaida inatengeneza gari lako hata kama ajali ni ndani ya geti, ukishatoa kile kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe. Ile ndogo ya lazima, thedi pati, inayomlipa uliyemgonga na si gari lako, ndiyo yenye utata, sababu sheria za nchi nyingi zinataja barabara na sehemu za watu wote, pakingi anayoingia yeyote inaweza kuhesabiwa humo lakini ua wa nyumbani huenda usihesabiwe. Ulaya walibishana sana hili: huko Slovenia trekta lilikuwa linarudisha tela kwenye ua wa shamba likagonga ngazi, mtu aliyekuwa juu yake akaanguka, na mwaka 2014 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaamua bima ya lazima inahusika hata hapo. Uingereza baada ya kujitoa kwenye Umoja huo ikaufuta msimamo huo kwenye sheria zake, 2022.

Tafadhali usimwandikie mwenzako popote kwamba kosa ni lako, bima nyingi zinakataza kukiri bila ruhusa yao, na toa taarifa mapema hata kama mnataka kumalizana wenyewe. Halafu nenda leo hii, usingoje kesho, kaombe kwa maandishi uongozi wa jengo wakutunzie rekodi ya kamera, maana zile mashine zikijaa zinarekodi juu ya zile za zamani na yako inapotea.