Chango likinishika, naanza na wimbo

Binti wa kidato cha tatu kaniandikia: "Dada, kila mwezi nalia mpaka nachoka. Mama anasema nikizaa itaisha." Nimeusoma ujumbe ule mara nne, maana binti yule nilikuwa mimi.

Bwenini chango la hedhi lilinishika alfajiri ya siku ya kwanza. Nilijikunja kitanda cha chini, kanga nimeikaza kiunoni, jasho jembamba linanitoka, macho kwenye chaga za kitanda cha juu. Matroni akasimama mlangoni, akasema nakwepa usafi. Neno lile linaniuma hadi leo.

Mwenzangu wa kitanda cha juu ndiye aliyeshuka. Alinigongagonga mgongoni polepole, huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kubembelezea watoto. Pumzi yangu ikaanza kuufuata mkono wake. Maumivu yalikuwepo, lakini ile hofu iliyonikaba koo ilishuka, nikasinzia.

Baadaye nilijifunza kwamba wakati wa hedhi mji wa mimba hutoa prostaglandini, kemikali zinazoibana misuli yake. Ukiogopa, mwili mzima unakaza na uchungu unazidi. Wimbo wa taratibu unatuliza pumzi na kuiita akili itoke tumboni. Dawa kama ibuprofeni hupunguza prostaglandini zenyewe, kwa hiyo muulize mfamasia kama inakufaa, kisha uinywe ukiwa umekula. Muziki uende pamoja nayo.

Andaa nyimbo zako kabla siku hazijafika. Ukiwa na huzuni, usijilazimishe wimbo wa shangwe. Wataalamu wa tiba ya muziki huanza na wimbo unaofanana na hali ya mgonjwa, ndipo wanampandisha kidogokidogo. Nawe anza na ule unaolia nao. Na uimbe, hata kwa kuguna tu, usisikilize kimya.

Wazazi na walimu, acheni kuwaambia mabinti wanadeka! "Ukizaa itaisha" si tiba. Maumivu yanayomkosesha mtoto masomo au yasiyosikia dawa yapelekwe hospitali. Endometriosi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, humpata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na wengi huteseka miaka mingi kwa kuambiwa ni kawaida.

Jana binti kaniandikia tena. Alijiwekea chupa ya maji moto tumboni, akaimba kaswida ya madrasa, akalala mpaka adhana ya Alasiri. Jumatatu mama yake anampeleka kwa daktari.