Bei ya unga ikishuka Lubumbashi, pima kabla ya kuisifu hatua ya serikali

Serikali ikiondoa ushuru kwenye mahindi yanayoingilia Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, au ikipanga bei ya mwisho ya unga, yaani ile isiyoruhusiwa kupitwa, miezi mitatu baadaye kila mtu mjini Lubumbashi ana jibu lake kama hatua hiyo imefaulu. Mara nyingi linaloongea ni majira. Mahindi ya huku huvunwa kuanzia Aprili, kwa hiyo hatua iliyotangazwa Februari, ghala zikiwa tupu, itaonekana imefaulu ifikapo Mei hata kama haikugusa kitu.

Anza na meka, lile kopo la kupimia unga sokoni. Bei yake peke yake hudanganya, kwani muuzaji aliyebanwa hapandishi bei, anapunguza ujazo: kilele cha unga kinafutwa kwa kiganja, au kitako cha kopo kinagongwa kikaingia ndani. Nunua kwa wauzaji watatu, pima kwa mizani, toa uzito wa mfuko, chukua wastani. Tuseme meka ni franka 4,000 na ina kilo 2.4, hiyo ni franka 1,667 kwa kilo. Mwezi ujao bado ni 4,000 lakini ina kilo 2.1: sasa ni franka 1,905. Bukari, yaani ugali wetu, imepanda asilimia 14 na daftari la bei halijaona kitu.

Nenda siku ileile ya wiki, saa ileile, na uandike pia dola inabadilishwa kwa franka ngapi siku hiyo. Bei ya mwisho ikishatangazwa, unga hujificha chini ya meza. Usipoukuta, andika "haukuwepo". Ukirudia bei ya wiki iliyopita, umeandika bei ambayo hakuna mama aliyeweza kuilipa, na kosa hilo huipendelea serikali kila mara.

Baada ya hapo tafuta mji wa kulinganisha. Wanauchumi David Card na Alan Krueger walifanya hivyo Marekani: Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha mshahara wa chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, nao wakalinganisha migahawa yake na ile ya mashariki mwa Pennsylvania, ambako mshahara haukubadilika. Matokeo yao ya 1994, kwamba ajira haikupungua, yamebishaniwa sana, ila njia yenyewe inatumika hadi leo.

Kwetu, hatua ikihusu Lubumbashi peke yake, linganisha na mji jirani wa Likasi. Tuseme kuanzia Februari hadi Mei kilo imeshuka franka 500 hapa na franka 400 kule. Hatua imeleta 100. Zile 400 ni mavuno. Lakini kwanza hakikisha bei za miji hiyo zilikuwa zikitembea pamoja, angalau wiki nane kabla ya tangazo. Zikiwa zilishaachana, hesabu hiyo haifai.

Kinachoharibu zaidi ni malori. Bei ikibanwa Lubumbashi, mfanyabiashara anapeleka mzigo Likasi, bei ya kule inashuka kwa sababu ya hatua yetu, na kipimo chote kinapotoka. Kwa hiyo hesabu pia malori ya unga yanayotoka Lubumbashi kwa barabara ya kwenda Likasi, kabla na baada. Yakiongezeka ghafla, tafuta mji mwingine ulio mbali zaidi, usiolishwa na Kasumbalesa.