Mpangaji kavunja sinki na kung'oa soketi: usimfungie mlango

Pole sana dadangu kwa aliyokufanyia mpangaji wako. Mtu apewe notisi ya kuhama kisha avunje sinki na kung'oa soketi za ukutani? Huo si uchakavu wa kawaida, ni uharibifu wa makusudi, na kifungu cha 339 cha Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kenya kinamfunga aliyeufanya hadi miaka 5. Lakini nakusihi usimfungie mlango wala kuzuia vyombo vyake, kosa litageuka lako. Piga picha leo hii, hata nyaya zinazoning'inia, na fundi akuandikie gharama kitu kimoja kimoja. Kisha nenda kituo cha polisi hapo Kisauni uandikishe, usitoke bila namba ya OB, yaani namba ya ripoti yako katika kitabu cha matukio cha polisi. Depoziti isipotosha, Mahakama ya Madai Madogo ipo Mombasa: inapokea madai hadi shilingi milioni 1, sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na wakili si lazima. Akija mpangaji mwingine, zungukeni nyumba pamoja, muandike hali ya kila chumba, nyote mtie sahihi. Bila karatasi hiyo atasema sinki alilikuta limevunjika, nawe huna la kumjibu.