Mninga nilioung'oa ukiwa hai

Ilikuwa mwezi wa nane, siku mbili kabla ya wageni kufika shuleni, nami nilikuwa nasafisha bustani kwa haraka ya mtu aliyepewa taarifa jana. Kwenye kona waliyopanda watoto wa klabu ya mazingira nilikuta vijiti vinne vikavu. Vitatu niling'oa kwa mkono. Cha nne kilinishinda, nikaleta jembe. Kilichotoka ardhini ni mzizi kama karoti, mnene kuliko kijiti chenyewe, na ulipokatika ndani ulikuwa bado mbichi. Binti mmoja wa Darasa la Tano akaacha kufagia, akautazama, kisha akanitazama mimi. "Madam, mbona ulikuwa hai?"

Kweli, ulikuwa hai. Ulikuwa mninga, na mninga mchanga ndivyo ulivyo. Kiangazi shina hukauka mpaka chini, mvua zikirudi huchipua upya, na mchezo huo huendelea kwa miaka kadhaa huku nguvu zote zikienda kwenye mzizi. Mzizi ukishatosheka, ndipo shina hunyanyuka na kuweza kuhimili moto wa msituni. Haya nilielezwa baadaye na bwana misitu, tena kwa tabasamu ambalo sijalisahau. Mbegu zenyewe tulikuwa tumeletewa kutoka upande wa Tabora, zikiwa ndani ya maganda yao ya ajabu, kila ganda kama chapati ndogo yenye brashi katikati. Tulihangaika kuyafungua kwa koleo, na mbegu chache tu ndizo ziliota. Mimi nikamaliza kazi yote kwa jembe, asubuhi moja.

Tangu siku hiyo, mwalimu au mzazi yeyote wa hapa Mwanza akiniuliza namna ya kuwafundisha watoto habari za miti ya mbao ngumu, namwambia: usianze na kupanda. Siku ya kupanda miti ikifika tunapanda, tunapiga picha, tunapiga makofi. Mtoto anarudi nyumbani akiamini kazi imekwisha, wakati ndiyo kwanza imeanza, na hakuna aliyemwambia itachukua muda gani.

Anza na kitu anachokijua. Nyumbani kwenu kuna kitanda, mlango, kinu na mchi. Waulize: hiki ni mti gani? Wengi watasema "mbao", kana kwamba mbao ni mti. Halafu wapeleke kwa fundi seremala. Mimi huwapeleka kwa mzee mmoja ambaye ukifika asubuhi bila kusema "mwangaluka" (salamu ya Kisukuma) hakupi hata kiti. Huwapa watoto vipande vilivyobaki wanuse, wapime uzito mkononi, wapige randa wenyewe. Maranda ya paina ni meupe na yananukia utomvu. Ya mninga yana rangi ya kahawia yenye wekundu, na watoto huyajaza mifukoni (mama zao wamenilalamikia). Siku hiyo sifundishi kitu kingine.

Jaribio linalowashangaza kuliko yote halina gharama. Chukua beseni la maji. Weka kipande cha paina, kinaelea. Weka mninga kavu, unaelea pia ingawa umezama zaidi. Kisha weka mpingo. Unakwenda chini kama jiwe, na darasa zima linapiga kelele. Mpingo wangu ni kirungu cha marehemu babu. Mwaka wa kwanza nilifanya jaribio hili ziwani, kirungu kikapotelea kati ya miamba, tukakitafuta nusu saa ndani ya maji. Tumia beseni. Ziwa letu lina kichocho, na mimi nilipaswa kulijua hilo kuliko watoto.

Wakishashangaa, waeleze kwamba mti huu hukua polepole mno, miaka 70 na zaidi kabla ya kufaa kuvunwa. Kiini cheusi ndicho wachongaji wa Kimakonde wanachokitaka, na ndicho kinachotengenezea klarineti, zile ala za kupuliza za Ulaya. Mtoto wa miaka kumi na moja akipiga hesabu atakuwa na umri gani mpingo alioupanda ukikomaa, hucheka kwanza. Baadaye hunyamaza.

Neno "mbao ngumu" nalo linahitaji uangalifu. Kwa wataalamu wa misitu ni mbao za miti ya majani mapana, hata kama baadhi yake ni laini. Kwa hiyo mkaratusi unaojengea mabanda uko kundi moja na mninga, na paina haumo. Watoto hupenda kumsahihisha mzazi kwa hili, basi waachie wafurahi.

Baada ya seremala, nenda mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Kirumba panafaa kama utavumilia harufu na msongamano. Mtafute fundi mitumbwi akiwa anashindilia pamba kwenye maungio ya mbao ili maji yasipenye. Muulize zamani walitumia mti gani na sasa wanatumia upi. Mafundi wazee hutaja mvule bila kufikiri. Hapo nawaambia watoto kwamba mbegu za mvule husambazwa na popo walao matunda, wale wale wanaowarushia mawe. Siwaombi waache. Nawaachia tu hiyo habari.

Sasa sehemu ambayo walimu wengi tunaikosea. Tunawafundisha kwamba kukata mti ni dhambi, kisha mtoto anarudi nyumbani, mama yake anapika kwa mkaa. Unamfanya amwone mama yake mkosaji. Mfundishe kukata kwa mpango. Mkoa jirani wa Shinyanga una mfano wa karibu: miti ilifyekwa kuondoa mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, mpaka nchi ikabaki tupu. Kuanzia mwaka 1986 mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ukafufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho wakati wa mvua na kukifungua kiangazi. Sehemu nyingi miti ilirudi kutoka kwenye visiki vilivyokuwa hai chini, bila kupandwa. Wape kazi ya nyumbani: muulize babu kama kwao kulikuwa na ngitili. Majibu hujaza daftari. Na wakiuliza kama msitu wa mbao ngumu unaweza kuvunwa na ukabaki, kuna vijiji vya Kilwa ambavyo mwaka 2009 vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, kwa kuvuna misitu yao ya asili kwa utaratibu.

Sheria huweka kima cha chini cha unene kwa kila aina ya mti kabla ya kuuvuna, kwa hiyo leta futi ya fundi cherehani. Zungusha kwenye mti wowote uliopo shuleni, usawa wa kifua, gawanya kwa 3.14. Sentimita 94 zinatoa kipenyo cha karibu 30. Ni hesabu ya duara waliyokuwa wakiichukia wiki iliyopita.

Ndipo mpande. Msianze na mninga. Anzeni na mkongo, ambao mbegu yake nyeusi yenye kofia nyekundu huota kwa urahisi ukiikwaruza kidogo na kuiloweka. Pembeni yake pandeni mgrevilea, ambao unakua haraka, watoto wasikate tamaa. Kila mti uwe na daftari lake, na darasa likihama, daftari linabaki kwa wanaoingia.

Mkongo wetu una miaka mitatu, unafika kiunoni kwangu. Mwezi wa nane uliopita ulipukutisha majani yote. Nilipopita asubuhi nilikuta kibao kimechomekwa kando yake, kimeandikwa kwa makaa: USING'OE. HATA MADAM.