Wachache Waliitawalaje Syria?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba Waalawi, watu wa madhehebu yenye asili ya Ushia, ni takriban sehemu moja ya kumi ya wananchi wa Syria, ilhali ukoo wa Assad, uliotoka kwao, ulitawala kwa zaidi ya miaka 50. Iliwezekanaje?

JIBU: Njia yao ilikuwa jeshi. Wafaransa, walipoitawala Syria baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walipendelea kuandikisha askari kutoka jamii ndogondogo, na vijana wa Kialawi wa milimani, ambao umaskini uliwaachia njia chache za kujikimu, waliendelea kuingia jeshini hata baada ya uhuru wa 1946. Hafez al-Assad, aliyekuwa rubani wa kivita, alitwaa madaraka Novemba 1970, akawakabidhi jamaa zake na watu wa madhehebu yake vikosi muhimu na idara za usalama, huku akiwapa matajiri wa Kisuni, madhehebu ya wananchi walio wengi, nafasi ya kufaidika. Kwa hiyo kusema kwamba Waalawi walitawala ni kurahisisha mno. Ukoo ndio uliotawala, na Waalawi wengi walibaki mafukara, wengine wakifungwa kwa kuupinga.

Kilichowafungamanisha Waalawi na dola ni hofu. Baada ya jeshi kuua maelfu ya watu, wengi wao Wasuni, mjini Hama mwaka 1982, Waalawi wengi waliogopa kwamba kisasi kingewaangukia wote bila kuchagua. Bashar, mwana na mrithi wa Hafez, alipokimbia Desemba 2024, hofu hiyo haikuwa ya bure: Machi 2025, kufuatia mashambulizi ya wafuasi wake dhidi ya vikosi vya serikali mpya, mamia ya raia wa Kialawi waliuawa pwani.